Tippu Tip: kiti cha wali na kontra ya paundi 30

Kila mara kiti kinapobaki wazi kwetu Maniema, kiwe cha meya kule Kindu, cha burugumesta wa komini, cha msimamizi wa teritware huku Punia ao cha delege wa watumishi, mazungumzo yanakuwa yale yale. Watu wanauliza nani atatajwa. Wachache wanauliza nani atamtaja. Na karibu hakuna anayeuliza ile karatasi ya kumtaja imeandikwa nini ndani.

Sisi tunaotumika katika kasiterite tumezoea kusoma kontra mbele ya kutia sahihi, juu mistari midogo ya chini ndiyo inayokula mshahara. Ndiyo maana leo tunapenda kusimulia maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake linajulikana toka Unguja mpaka Kisangani. Mtu huyu alikaa katika kiti kilichokuwa wazi kwa kutajwa tu, na hakuna mwenye nchi hata mmoja aliyeulizwa. Ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule ambaye wazee wetu wanamwita Tippu Tip.

Wako wanaomtaja kwa heshima, juu Kiswahili chetu, mpunga wetu na misikiti ya Kasongo vilikuja pamoja na watu wake. Wako wanaomtaja kwa uchungu, juu babu zao walipita barabarani na mnyororo shingoni. Wote wana sababu. Hatutaki kumpaka mafuta wala kumtupia mawe. Tunataka kuangalia namna alivyopata viti vyake, na kile kilichowafikia watu waliokuwa chini ya viti hivyo.

Kijana asiyetaka kuwa chini ya mtu

Hamed alizaliwa Unguja karibu mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa misafara, mwenye makao Tabora, na alimwoa binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Kwa hiyo toka utoto Hamed aliona jambo moja: kule bara biashara inatembea pamoja na ndoa. Mtu mwenye shemeji kwenye kiti cha utemi hapiti njia sawa na mgeni.

Alipofika miaka 12 hivi alianza kuuza sandarusi kwenye pwani. Alipofika miaka 18 hivi alipanda bara na baba yake. Huko ndiko tabia yake ilijionyesha. Baba alitaka kuweka mali mikononi mwa mtu mwingine, kijana afuate nyuma. Hamed alikataa kabisa. Aliona heri arudi nyumbani kuliko kwenda chini ya mtu mwingine na mali ya baba yake. Baba akakubali, akampa mali na madaraka. Tangu siku ile hakupenda tena kukaa nafasi ya pili.

Jina la Tippu Tip alilipata njiani. Wengine wanasema ni mlio wa bunduki zake, wengine wanasema ni juu ya macho yake yaliyokuwa yakipepesa-pepesa. Yeye mwenyewe alipenda zaidi ile habari ya bunduki.

Mwaka 1867 alimshinda Nsama, mtawala wa Itabwa, ambaye wafanyabiashara wengi walimwogopa. Alitoka huko na pembe nyingi na mateka. Mwaka ule ule alikutana na Livingstone, akamsaidia kwa chakula na kwa njia. Kwa wazungu waliopita, Tippu Tip alikuwa mtu wa adabu, msafi, mwenye maneno matamu. Kwa vijiji alivyovipitia na bunduki, habari ilikuwa nyingine. Mtu mmoja anaweza kuwa vyote viwili, na sisi wa migodini tunawajua wakubwa wa namna hiyo.

Kiti cha kwanza: undugu

Karibu mwaka 1870 alivuka Lomami akaingia Utetera. Mtawala wa kule alikuwa mzee Kasongo Rushie. Kabla ya kufika, Tippu Tip alikuwa amesikia kwa mateka habari ya zamani: kwamba wanawake wawili wa ukoo wa Kasongo Rushie walichukuliwa vitani na watu wa Urua, wala hawakurudi tena. Alipofika kwa mzee, alisema mmoja wa wanawake wale ndiye bibi yake mzaa mama. Kwa hiyo yeye alikuwa mjukuu aliyerudi nyumbani.

Mzee alisadiki, ao alichagua kusadiki. Alikuwa amechoka, na mgeni yule alikuwa na bunduki ambazo jirani zake hawakuwa nazo. Akampa utawala. Tangu hapo pembe zote za Utetera zikawa zinaletwa kwa Tippu Tip. Wengi waliochunguza maisha yake wanaona habari ile ya bibi aliitengeneza mwenyewe. Sisi tunaona jambo lingine. Hata mtu mwenye bunduki aliona hawezi kukaa katika kiti cha Utetera bila sababu ambayo wenye nchi wanaielewa. Undugu ulikuwa wa kutunga, lakini haja ya kuwa na undugu ilikuwa ya kweli. Ilibidi awaambie watu kitu, na ilibidi watu wale wakubali.

Kiti cha pili: wafanyabiashara wa Kasongo

Wakati ule kwenye Lualaba kulikuwa tayari na Waswahili na Waarabu, Nyangwe na Kasongo. Kila mmoja alikuwa na bunduki zake na sheria yake. Matokeo yake yalionekana tarehe 15/7/1871, siku ya soko la Nyangwe, ambapo watu wa wafanyabiashara walifyatulia risasi wanawake waliokuja kuuza samaki na vyungu. Wengine walikufa kwa risasi, wengine walizama mtoni. Livingstone alikuwapo. Hesabu aliyoisikia ilikuwa kati ya watu 300 na 400. Soko lilikuwa mali ya wote, watu wa ng'ambo mbili za mto walikutana pale, na siku moja tu likawa kaburi.

Mwaka 1874 Tippu Tip alifika Nyangwe, akakutana na Mwingereza Cameron, halafu akaenda Kasongo kwa ndugu zake. Wafanyabiashara wa pale wakamkubali kuwa mkubwa wao. Hiki kilikuwa kiti cha namna ya pili: alikipata kwa mapatano ya wenye mali. Walihitaji mtu mmoja wa kukata maneno yao na kulinda njia ya pembe. Na kweli, chini yake Kasongo ulikuwa mji mkubwa, wenye mashamba ya mpunga, bustani na nyumba za udongo zenye milango ya kuchongwa. Kiswahili kiliingia vijijini, na watu walioshika desturi ile wakajiita Wangwana. Lugha tunayoiandika hapa inatoka huko.

Lakini wale waliolima mpunga na wale waliobeba pembe hawakuwa katika mapatano. Pembe moja kubwa inataka mabega ya watu, na toka Kasongo mpaka pwani ni safari ya miezi mingi. Wengi hawakurudi. Ujiji, Tabora, Bujumbura mpaka Dar es Salaam, hata leo wako watu wanaoitwa Wamanyema. Ni wajukuu wa watu wetu waliokwenda kwa hiari, na wa wengine wengi waliopelekwa.

Mwezi wa 10 mwaka 1876 Stanley alifika. Alitaka kushuka mto ambao hakuna mzungu aliyeujua mwisho wake. Wakafanya kontra: Tippu Tip amsindikize mwendo wa vituo 60 kwa reali 5,000. Njia ya msitu ilikuwa mbaya, magonjwa yalikuwa mengi, wakaachana kabla ya vituo kutimia, na malipo yakapungua. Hapo ndipo ugomvi wa hesabu kati ya watu wawili hawa ulianza, na haukwisha mpaka uzee.

Namna kiti cha Falls kilivyobaki wazi

Stanley alirudi kwa njia ya bahari ya magharibi, akiwa mtumishi wa Leopold II, mfalme wa Wabelgiji. Mwezi wa 12 mwaka 1883 aliweka kituo kwenye maporomoko, kule kwa wavuvi Wagenia, fasi ambayo leo ni Kisangani. Ikaitwa Stanley Falls. Mwaka 1885, baada ya mkutano wa Berlin, nchi yote ikaandikwa kwa jina la Leopold, ikaitwa Dola Huru la Kongo. Sultani Barghash wa Unguja, ambaye Tippu Tip alimhesabu kuwa mkubwa wake, alibaki mikono mitupu.

Pale Falls mkubwa wa kituo alikuwa Mwingereza, Kapiteni Deane. Mwaka 1886 mwanamke mmoja mtumwa alikimbia kwa bwana wake akaingia kituoni. Waarabu walimtaka arudishwe. Deane alikataa. Mwezi wa 8 vita ikaanza. Baada ya siku chache risasi zilikwisha, askari wengi wakashuka mto, na Deane akatoka usiku na mwenzake Dubois. Dubois alikufa maji, Deane aliokotwa baadaye katika msitu akiwa karibu kufa na njaa. Kituo kikaungua.

Jina la yule mwanamke halikuandikwa. Yeye ndiye aliyekuwa na haki katika maneno yale yote, na yeye ndiye aliyesahauliwa wa kwanza.

Basi kiti kikabaki wazi. Leopold hakuwa na askari wa kutosha wala makuta ya kurudisha Falls kwa nguvu. Tippu Tip hakuwapo wakati wa vita ile. Alikuwa safarini kwenda Unguja, na watu wake ndio waliobaki pale. Stanley naye alitayarisha safari ya kumwokoa Emin Pasha, akihitaji wapagazi na njia salama. Kila mmoja alikuwa na shida yake. Wakaona dawa ni moja: kiti apewe yule yule ambaye watu wake walikichoma.

Karatasi ya Unguja

Tarehe 24/2/1887, kule Unguja, kwenye nyumba ya konsuli wa Uingereza, kontra ikatiwa sahihi. Tuisome kama tunavyosoma kontra za kwetu, jambo kwa jambo.

Tippu Tip anakuwa wali, maana yake gavana, wa Stanley Falls kwa jina la Dola Huru. Mshahara ni paundi 30 kwa mwezi. Unalipwa Unguja, katika mikono ya wakili wake. Angalieni vizuri: kazi iko Falls, mshahara uko Unguja. Mtu ambaye mshahara wake unalipwa mbali na kazi yake anaangalia upande gani?

Anapaswa kusimamisha bendera ya Dola, na kulinda amri ya Dola toka Falls kushuka mpaka mto Aruwimi. Anapaswa kuzuia watu wake na Waarabu wengine kuteka watumwa katika sehemu hiyo. Juu ya Falls, upande wetu wa Maniema, ambako vijiji vilikuwa vikiungua, karatasi haikumkataza kitu.

Anapaswa kukaa na ofisa wa Dola, ambaye atakuwa mwandishi wake katika barua zote za serikali. Kwa maneno mengine, gavana haandiki barua yake mwenyewe. Ana ruhusa ya kufanya biashara yake popote anapotaka, na hapo ndipo utamu ulipokuwa. Paundi 30 hazikuwa kitu kwa tajiri wa pembe. Njia ya mto ndiyo ilikuwa mali.

Halafu kunakuja jambo ambalo lilitushangaza tulipolisoma. Tippu Tip alipewa haki ya kumtaja mtu wa kushika nafasi yake akisafiri, na mtu huyo ndiye atakayerithi kiti kama Tippu Tip akifa. Lakini mfalme anaweza kumkataa mtu huyo kama ana sababu kubwa. Na mwisho: mapatano yanafunga tu kwa muda ambao wali ao mtu wake anashika masharti. Kwa hiyo kiti kilikuwa na mlango wa kuingilia ambao ufunguo wake uko Brussels, na mlango wa kutokea ambao ufunguo wake uko Brussels vilevile.

Mbele ya kutia sahihi, Tippu Tip alimwuliza Barghash. Sultani mgonjwa, aliyeona nchi zake za bara zinakatwa na wazungu, alimshauri akubali. Alikufa mwaka uliofuata. Konsuli alikuwapo, Stanley alikuwapo, sultani aliulizwa. Wagenia wa maporomoko, Wakumu, Walengola, Wasongola, Warega, hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Kule Utetera ilibidi Tippu Tip atunge hadithi ya bibi yake ili watu wakubali. Falls hakuhitaji hadithi yoyote, karatasi ilitosha. Sisi tunaona huko ndiko kurudi nyuma kulikoanza.

Wali wa bendera

Siku iliyofuata alipanda meli Madura pamoja na Stanley. Wakazunguka kusini ya Afrika, wakaingia mdomo wa Kongo mwezi wa 3, wakapanda mto, na mwezi wa 6 wali akafika Falls. Bendera ya bluu yenye nyota ya dhahabu ikapandishwa na watu wale wale waliokuwa wameiona ikishushwa.

Tuseme ukweli: kwa miaka mitatu vita kubwa haikutokea. Tippu Tip alikuwa na akili ya kukata maneno, na Waarabu wengi walimwogopa. Lakini si wote. Wengine walimwona ameuza nchi kwa wazungu. Wazungu nao walimwona anakula pande mbili. Kila kosa lililotokea katika msitu liliandikwa katika hesabu yake.

Kosa kubwa aliloshtakiwa ni la wapagazi. Kuna mapatano mengine aliyofanya na Stanley, ya kuleta wapagazi 600 kwa ajili ya mizigo iliyoachwa Yambuya kwa Meja Barttelot. Wapagazi walichelewa karibu mwaka mzima, na walipokuja walikuwa kama 400 hivi. Kambi ya Yambuya ilikuwa imegeuka makaburi. Mwezi wa 7 mwaka 1888 Barttelot mwenyewe alipigwa risasi na kiongozi mmoja wa wapagazi, juu ya ugomvi wa ngoma ya mke wake alfajiri. Mtu yule alihukumiwa pale Falls akauawa. Tippu Tip alijitetea kwamba Stanley hakutoa baruti kama walivyopatana, na kwamba watu walikataa kwenda kufa kwa njaa. Katika maneno haya yote mapagazi ni hesabu tu, 600 ao 400. Sisi tuliobeba magunia ya mchanga wa kasiterite mgongoni, tukisoma hesabu kama hiyo, tunaona watu.

Wakati huo huo Dola lilikuwa linajenga. Kambi ya Basoko ilianzishwa mdomoni mwa Aruwimi, halafu ya Lusambo kwenye Sankuru. Kambi zile zenye askari na mizinga ziliwekwa ili kuwafungia njia Waarabu, maana yake kumfungia njia gavana wa Dola lenyewe. Aliyemtaja alikuwa anatayarisha siku ya kumwondoa. Kiti cha wali kilikuwa cha kununua muda, na muda ulikuwa unanunuliwa kwa paundi 30 kwa mwezi. Ilikuwa bei rahisi sana.

Aliyepokea kiti

Mwaka 1890 Tippu Tip aliondoka Falls. Stanley alikuwa amemshtaki Unguja juu ya wapagazi, na alitaka kwenda kujitetea. Alipita Kasongo na Tabora, akaugua sana njiani, akafika Unguja mwezi wa 7 mwaka 1891. Mashtaka yakafa yenyewe. Hakurudi Kongo tena.

Kiti cha Falls alimwachia Rashid, mtoto wa ndugu yake Bwana Nzige. Kasongo ilibaki kwa Sefu, mtoto wake wa kuzaa. Kwa hiyo kiti kikabaki wazi mara ya pili, na kikajazwa mara ya pili kwa kutajwa, safari hii ndani ya familia. Rashid na Sefu walirithi viti, lakini hawakurithi ile akili ya mzee, wala hofu ambayo watu walikuwa nayo kwake. Na kule Brussels hawakuhitaji tena wali. Tangu 1891 wakubwa wa Dola walikuwa na amri ya kukusanya pembe kwa faida ya Dola. Biashara huru, ile nguzo ya kontra, ilikuwa imevunjwa na upande ulioiandika.

Mwaka 1892 Hodister, mfanyabiashara Mbelgiji aliyekuja kununua pembe, aliuawa pamoja na watu wake kule Riba Riba, leo Lokandu, kwenye Lualaba yetu. Mwaka ule ule Ngongo Lutete, aliyekuwa mkubwa wa vita wa Tippu Tip, aligeuka akaenda upande wa Dola. Sefu akaingia vitani. Dhanis na askari wake walichukua Nyangwe mwezi wa 3 mwaka 1893, na Kasongo tarehe 22/4. Kule Falls Rashid alijaribu kumtoa ofisa wa Dola, akashindwa, akakimbia. Mwezi wa 9 wazungu walimwua Ngongo Lutete, yule aliyewasaidia kushinda, kwa hukumu ya haraka. Mwezi wa 10 Sefu alikufa vitani.

Wengi wa waliopigana na kufa, pande zote mbili, walikuwa watu weusi wa nchi hii, Watetela, Wakusu, Wazimba, Wasongola. Hakuna aliyewauliza wali awe nani, lakini deni la kiti lililipwa nao. Na baada ya Waarabu haikuja raha. Ilikuja mipira, kazi ya nguvu, halafu njia ya leli, halafu kampuni za migodi kuanzia miaka ya 1930, kila moja na msimamizi wake aliyetajwa mahali pengine.

Tippu Tip aliishi Unguja miaka iliyobaki, tajiri wa mashamba ya karafuu na wa watumwa wengi, mpaka utumwa ulipovunjwa na sheria kisiwani mwaka 1897. Aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayatoa kwa chapa. Ni moja ya habari za kwanza za maisha ambazo mtu aliandika juu yake mwenyewe kwa lugha yetu. Ndani yake anahesabu pembe, safari na vita kwa utaratibu. Alikufa Juni 1905, kitandani mwake. Kasongo ilikuwa imechukuliwa tayari miaka 12.

Kwa sisi wa leo

Hatusemi kila anayetajwa ni mtu mbaya. Msimamizi wa teritware hutajwa kwa sheria, na huku Punia tumepata wazuri na wabaya. Lakini sheria ya tarehe 7/10/2008 inataka meya achaguliwe na baraza la mji, na baraza la mji litoke kwa washauri wa komini ambao raia wamewachagua. Miaka mingi ilipita, mameya wakiendelea kutajwa toka Kinshasa, viti vikibaki wazi na kujazwa kwa karatasi inayosomwa redioni. Tarehe 20/12/2023 kura ya washauri wa komini ilipigwa katika miji mikuu ya majimbo tu. Kindu walipiga, sisi huku hatukupiga. Na hata penye kura, mgombea ubunge anaingia na wasaidizi wake wa akiba, na watu wetu wanajua mara ngapi yule wa akiba ni mke, mtoto ao mdogo wake. Rashid hajafa.

Katika sendika tumeliona jambo hili kwa kipimo kidogo. Katika kampuni moja tuliyoitumikia, delege wetu alikufa kwa malaria. Alikuwa na msaidizi wake ambaye watumishi walimpigia kura siku moja naye, na sheria ya kazi iko wazi. Lakini asubuhi moja tulikuta jina lingine limebandikwa mlangoni. Alikuwa mtu mpole, hatukuwa na ugomvi naye. Baadaye tulijua alikuwa akipokea bahasha kila mwezi kwa mkubwa wa kampuni. Haikuwa kubwa. Tangu hapo watumishi waliacha kumpelekea maneno yao, na siku shimo lilipoporomoka, hakuna aliyejua nani wa kuzungumza kwa jina letu. Ilibidi tukusanyike siku tatu tukichagua upya, wakati familia zikingojea.

Kwa hiyo, wandugu, safari ijayo kiti kikibaki wazi, kiwe kikubwa ao kidogo, tuombe karatasi isomwe mbele ya watu wote, kwa Kiswahili. Tusikilize mshahara unalipwa wapi na na nani. Tusikilize kama yule anayetajwa ataandika barua zake mwenyewe, ao ataandikiwa. Tusikilize ni nani atapokea kiti akiondoka, na ni nani mwenye ruhusa ya kumkataa. Kama jina letu haliko fasi yoyote katika karatasi ile, basi tujue mapema, wala tusingoje vita ije kutufundisha. Na pale ambapo sheria imetupa kura, kama kwa delege wa migodini, tusikubali jina lililobandikwa mlangoni hata kama mwenye jina ni ndugu yetu.